Je, Wajua? Kila Kliki Ina Bei, Kuanzia Diani Hadi Msambweni

Haya, sogea kidogo tukae. Bila shaka umeyasikia yale maneno yanayozagaa Ukunda kila kijana akifungua ukurasa wa biashara: kliki, impresheni, kuki, trafiki, kubusti. Usiyaogope hata moja! Nyuma ya kila neno kuna pesa ya mtu inahesabiwa, na vituko vyake ni vingi kuliko unavyodhani.

Jicho na kidole

Je, wajua kwamba bango la kwanza maarufu la tangazo kwenye wavuti lilitundikwa tarehe 27 Oktoba 1994? Lilikuwa la kampuni ya simu ya AT&T, kwenye tovuti ya HotWired huko Marekani. Upana wake pikseli 468, kimo chake pikseli 60. Kaukanda kembamba vile, na ndiko kalikozaa matangazo yote yanayokukera leo.

Shikilia hapo hapo: inasimuliwa kuwa kati ya kila watu 100 walioliona bango lile, 44 walilibofya! Leo bango la kawaida likibofywa na mtu 1 katika 100, mwenye tangazo anashangilia. Kipimo hicho ndicho wanachokiita CTR: idadi ya kliki, ukiigawanya kwa mara ambazo tangazo limeonyeshwa.

Na impresheni je? Ni tangazo kutokea mara moja kwenye kioo cha simu, basi. Mkumbuke mpiga debe wa stendi ya Ukunda: amekuita, umemsikia, lakini hujapanda. Ukiambiwa umepata impresheni 50,000, watu wameitwa mara 50,000, na hakuna aliyeahidi nauli.

Tena usidanganyike: impresheni 50,000 si watu 50,000. Mtu mmoja akiliona tangazo lako mara 5, hizo ni impresheni 5 na aliyefikiwa ni 1. Ukiletewa ripoti, uliza nambari zote mbili!

Wajua tangazo linahesabiwa "limeonekana" baada ya muda gani? Sekunde 1 tu! Kipimo kinachotumiwa na sekta nzima kinasema nusu ya eneo lake ikikaa kwenye kioo kwa sekunde hiyo moja, tayari. Kwa video ni sekunde 2. Ukipiga chafya, tangazo limekwisha kuonekana.

CPM nayo huwatisha wengi bure. Ni bei ya kuonyesha tangazo mara 1,000, na ile M ni ya Kilatini, maana yake elfu. CPM ikiwa shilingi 100 nawe una shilingi 2,000 mfukoni, tangazo lako litaonyeshwa mara 20,000.

Kuna na ugonjwa wa kutoyaona mabango! Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliwatuma watu kutafuta habari ndani ya tovuti, na habari yenyewe ikawa kwenye bango kubwa la kumetameta. Wengi walilipita hivi hivi. Jicho limejifunza kwamba kinachong'aa sana hakilihusu.

Mnada wa kufumba na kufumbua

Sikia hii, ndugu yangu. Unapofungua ukurasa wa habari kwenye simu, mara nyingi ile nafasi tupu ya tangazo hupigwa mnada papo hapo. Mashine za wanunuzi hutaja bei, mmoja hushinda, tangazo hupandishwa, yote kwa takriban sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Hujamaliza kukonyeza, umeshauzwa!

Na ati unadhani mwenye pesa nyingi ndiye hushinda mnada wa Google? Hapana! Google hupima pia ubora wa tangazo lenyewe na ukurasa linakompeleka mtu. Nyumba ndogo ya wageni ya Tiwi yenye tangazo linalojibu swali la mtafutaji yaweza kumpita tajiri wa Diani, tena kwa bei ya chini.

Kulipia kliki si wazo la Google, wajua? Mnada wa maneno ya kutafutia ulianza 1998 kwenye tovuti ya GoTo, ya Bill Gross wa California. Kampuni ikabadilisha jina ikawa Overture, na mwaka 2003 Yahoo ikainunua kwa dola bilioni 1.63. Bilioni!

Google ilipofungua duka lake la matangazo, Oktoba 2000, ilianza na wateja 350 tu. Na shika kofia yako: miongoni mwa matangazo ya kwanza kabisa lilikuwa la kuuza kamba mawe hai, wa kuagizwa na kuletewa mlangoni. Wapiga mbizi wa Msambweni na Shimoni, mwasikia? Bidhaa yenu ilikuwa mtandaoni tangu siku za mwanzo!

Haya, wewe huandika nini kwenye kisanduku cha Google? Kampuni hiyo inasema karibu 15 katika kila utafutaji 100 wa siku ni maneno ambayo haijawahi kuyaona tangu ianze kazi. Ndiyo maana mjanja hagombanii neno "Diani" pekee. Yeye hushika "nyumba ya familia Galu karibu na ufuo", ambako wapinzani ni wachache na anayetafuta ameshaamua kuja.

Lile tangazo la YouTube unaloliruka baada ya sekunde 5, wajua mwenyewe halipi? Katika aina hiyo ya tangazo, mtu akiliruka kabla ya sekunde 30, mwenye tangazo hatozwi hata senti. Basi ukitaka kumpunguzia mfanyabiashara gharama, bofya "ruka" mapema!

Na video ya kwanza kabisa ya YouTube? Iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005, haifiki hata sekunde 20, na inaonyesha tembo wa bustani ya wanyama ya San Diego. Sisi tembo wa Shimba Hills wako mwendo mfupi kutoka pwani. Kamera yako iko wapi?

Wanaokufuata nyumanyuma

Umetazama hoteli moja ya Diani mara moja tu, na sasa inakufuata kwenye kila ukurasa hadi unaiota. Huo si uchawi. Ni tangazo la kurejea: tovuti imekuwekea alama, na mwenye hoteli analipa ili akukumbushe.

Alama yenyewe mara nyingi ni kuki, na aliyeibuni ni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, mwaka 1994. Shida aliyokuwa akiitatua ilikuwa ndogo: tovuti za duka zilikuwa zikisahau mteja ameweka nini kikapuni. Dawa ya kikapu ikawa macho ya dunia nzima.

Mwenzake kuki ni pikseli ya ufuatiliaji. Asili yake ni picha yenye upana wa nukta 1 na kimo cha nukta 1, isiyo na rangi, iliyofichwa ukurasani au ndani ya barua pepe. Huioni, yenyewe inakuona: umefungua saa ngapi, kwa simu gani.

Januari 2020 Google ilitangaza kwamba itaziondoa kuki za watu wa nje, yaani wasio wenye tovuti uliyofungua, kwenye kivinjari chake cha Chrome ndani ya miaka 2. Ikaahirisha, ikaahirisha tena. Julai 2024 ikabadili nia: kuki zikabaki. Ahadi ya miaka 4 na nusu, imeyeyuka!

Ukitaka kujua nani aliyeleta yale madirisha yanayochomoza ghafla usoni mwako, jina ni Ethan Zuckerman. Aliandika programu hiyo miaka ya 1990 akiwa kampuni ya Tripod, ili tangazo litengane na ukurasa wenye mambo ya aibu. Mwaka 2014 akaomba radhi hadharani. Msamehe ukiweza!

Barua zisizoalikwa

Spamu ni mzee kuliko wavuti! Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Walikasirika vibaya. Yeye mwenyewe hudai liliuza mashine za dola milioni 13.

Kenya ujumbe kama huo una sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mfanyabiashara awe na ridhaa yako kabla ya kutumia habari zako kukutangazia, nawe una haki ya kumwambia akome. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Wadhani ni maneno ya karatasini? Septemba 2023 kilabu kimoja cha burudani Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto. Mwenye mkahawa wa ufuoni, kabla hujampiga picha mgeni umtundike kwenye ukurasa wako, muulize kwanza!

Nyota, wafuasi na vinyago

Mwaka 2017 mkahawa ulioshika nambari 1 London kwenye TripAdvisor, kati ya zaidi ya 18,000, haukuwepo! Mwandishi Oobah Butler aliusajili kwenye kibanda cha bustani alichokuwa akiishi, akaomba marafiki waandike sifa. Simu za kuomba meza zikamiminika. Siku nyingine ukiona nyota 5, soma na maneno yaliyo chini yake.

Wafuasi nao hununuliwa. Julai 2018 Twitter ilifagia akaunti zenye mashaka, na Barack Obama pekee akapoteza wafuasi zaidi ya milioni 2 kwa mpigo mmoja. Influensa akikujia na wafuasi 200,000, mwombe akuonyeshe ni wangapi hujibu.

Hata wageni wa tovuti yako si wote wana damu. Kampuni ya usalama ya Imperva ilipima mwaka 2023 ikakuta karibu nusu ya trafiki yote ya intaneti, yaani pitapita zote za mtandaoni, ni roboti. Nusu nzima! Zinabofya, zinatembelea, na hazitawahi kulala hotelini kwako.

Tukirudi kwa Obama, mwana wa yule bwana wa Kogelo: kampeni yake ya 2008 ilijaribu sura 24 za ukurasa mmoja wa kujiandikisha. Wafanyakazi wake waliamini video ndiyo itashinda. Ikashinda picha tulivu ya familia, na waliojiandikisha wakaongezeka kwa asilimia 40. Hilo ndilo jaribio la A na B: weka viwili, acha watu waamue.

Bahari ya Diani saa sita mchana ina buluu za aina ngapi? Google walijaribu 41! Walitafuta rangi ya maandishi ya kubofya, na mkuu wao mmoja alisema mwaka 2014 kuwa buluu iliyoshinda iliwaongezea dola milioni 200 kwa mwaka.

Ile alama ya reli unayoipachika kwenye #TembeaKenya, aliyeipendekeza ni Chris Messina, tarehe 23 Agosti 2007. Twitter wenyewe waliona ni mambo ya mafundi wa kompyuta tu, hayatapendwa. Hakuichukulia hataza, hakuidai senti, na dunia nzima inaitumia bure.

Huku kwetu

Chapa ya biashara si jambo geni pwani. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka 1887, na hadi leo leso za nyumba hiyo hubeba pembeni maneno "Mali ya Abdulla". Mama wa Msambweni alitambua leso halisi kwa chapa kabla mtandao haujaota mizizi.

Na faneli ya mauzo, ile wanayofundisha kwa malipo? Wazo lake ni la 1898! Inasimuliwa kuwa Mmarekani Elias St. Elmo Lewis alishaeleza ngazi zake: mtu akuone, avutiwe, atamani, anunue. Mwaka huo huo simba walikuwa wakiwala vibarua wa reli pale Tsavo.

Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti: ghali, na ya kukokota. Mwaka huo kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, karibu kilomita 5,000 chini ya bahari, na SEACOM ikafuata. Kwa hiyo tangazo unalolibofya Msambweni laweza kuwa limekuja kwa njia ile ile ya majahazi ya Ghuba, tofauti ni kwamba limepita chini.

Anwani zinazoishia na .ke zimekuwepo tangu 1993, na shirika la KeNIC huzisimamia tangu 2002. Mtalii akiona .ke, ameshajua uko Kenya kabla hajasoma neno. Maelezo ya bure, ndani ya herufi 2!

Tovuti kubwa za kuuzia vyumba kwa kawaida hukata karibu asilimia 15. Chumba cha shilingi 10,000 Diani, 1,500 zimeondoka kabla mgeni hajavua viatu. Ndiyo maana mwenye nyumba mjanja humwachia mgeni nambari yake ya WhatsApp, safari ya pili asipitie kwa mtu.

Kamisheni ya aina hiyo ina ndugu yake: wewe unamtangazia mwingine, akiuza unapata fungu. Amazon ilianza kugawa mafungu hayo Julai 1996. Bichiboi wa Diani anayempeleka mgeni kwa mwenye mashua akapewa chake anaifahamu kazi hiyo vizuri sana, ila yeye hana kiungo cha kubofya, ana miguu.

Wajua kijiji cha Gazi huuza hewa? Kweli! Mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko tangu 2013, ukawa wa kwanza duniani wa aina yake unaoendeshwa na jamii, na mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mnunuzi yuko ng'ambo, analipia hewakaa iliyofungwa na mikoko, na hakuna gunia hata moja linalopakiwa melini.

Diani yenyewe ilitajwa na World Travel Awards kuwa ufuo unaoongoza Afrika mwaka 2015, na 2016, na 2017, na 2018. Kura hupigwa mtandaoni. Mchanga mweupe tunao, lakini kilichouvusha bahari ni vidole vya watu kwenye vioo!

Sasa angalia picha zako. Google ilipima ikakuta kwamba ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka kwenye simu, 53 katika kila wageni 100 huondoka. Ile picha yako nzito ya machweo ya Chale, nzuri kweli, inafukuza wateja. Ipunguze uzito!

Mfuko unanenaje?

Mwaka 2023 Google ilipokea zaidi ya dola bilioni 237 za matangazo. Gawanya kwa siku 365: zaidi ya dola milioni 650 kila siku, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Meta, wenye Facebook na Instagram, karibu dola 98 katika kila 100 walizopata mwaka huo zilitoka kwa matangazo.

WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, ikiwa na wafanyakazi 55 hivi. Hawatoshi kujaza basi moja la Likoni hadi Lunga Lunga! Tangu 2018 kuna WhatsApp ya biashara, bure, yenye nafasi ya kupanga bidhaa na bei zake. Muuza vikoi, umeshaijaribu?

Serikali nayo iko macho. Tangu Julai 2023 anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni nchini Kenya, matangazo na kamisheni zikiwemo, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Rasimu ya kwanza ilitaka 15!

Hebu tupige hesabu moja, mimi nawe. Tuseme una mashua ya kupeleka wageni kuona pomboo Kisite, umelipa shilingi 2,000, tangazo limeonyeshwa mara 20,000, limebofywa mara 200, na waliolipia safari ni 4. CTR yako ni asilimia 1, kila kliki shilingi 10, na kila mteja amekugharimu 500.

Umeiona hiyo 500? Hiyo ndiyo nambari ya kuuliza, hata kama kijana wa mtandao atakuimbia impresheni 20,000 mpaka jua lizame. Safari ikikuachia faida ya 1,500 kwa kichwa, ongeza tangazo. Ikikuachia 400, lizime leo hii!

Na ya mwisho, ya bure kabisa. Kuiweka biashara yako kwenye ramani ya Google, pamoja na picha, saa za kazi na nambari ya simu, hakulipiwi hata shilingi. Mgeni aliyesimama Mwabungo akitafuta chakula cha mchana ataletewa majina ya waliomo kwenye ramani hiyo tu. Lako lipo? Basi toa simu, tulitafute sasa hivi!